MSITU USIOPANDWA NA MTU

Katika bara la Ulaya, mpakani mwa Polandi na Belarusi, uko msitu mkubwa uitwao Białowieża. Eneo lake lapita kilometa 1,400 za mraba. Zamani misitu ya namna hiyo ilifunika sehemu kubwa ya nyanda za Ulaya. Lakini watu walipozidi kuwa wengi waliifyeka, wapate mashamba, kuni, na mbao za kujengea nyumba na merikebu. Białowieża ulisalia, kwa kuwa wafalme wa Polandi, na baada yao wafalme wa Urusi, waliulinda uwe mahali pao pa kuwinda. Kwa hiyo zipo sehemu zake zilizoota na kukua zenyewe, bila mkono wa mpandaji.

Nchi hiyo ina majira manne. Wakati wa baridi theluji huanguka, miti mingi hupukutisha majani, na kukua kwake husimama. Joto lirudipo, huanza tena. Basi kila mwaka mti hujiongezea pete moja ndani ya shina lake, na mtu ahesabuye pete za mti ulioanguka aweza kujua umri wake. Imo mialoni katika msitu huo iliyokwisha kuishi zaidi ya miaka 400.

Msitu huo umejengwa kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa ni mialoni, ambayo jina lake lajulikana kwa wasomao habari za Ibrahimu huko Mamre, pamoja na misprusi, ndugu ya misonobari. Misprusi mingine hupita meta 50 kwa urefu. Chini yake husimama miti ya kimo cha kati, ivumiliayo kivuli. Kisha vichaka na miche. Na chini kabisa maua na majani madogo. Maua hayo huwahi kuchanua mara theluji iyeyukapo, kabla miti mikubwa haijatoa majani na kuzuia jua. Baada ya majuma machache kivuli hutanda, nayo yamekwisha kuitumia nuru yake.

Miche haina haraka kama maua. Mche waweza kukaa kivulini miaka mingi pasipo kurefuka sana. Mpitaji atadhani umedumaa, kumbe wangoja.

Wahenga walisema, “Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba.” Ni kweli, lakini katika msitu wa kale kuanguka kwa mti mkuu ni mwanzo pia. Upepo uangushapo mwaloni mmoja, dari la msitu hutoboka, na nuru hushuka hata chini. Ndipo miche iliyongoja huanza kushindana kwenda juu. Mmoja au miwili hufika. Mingine hufa njiani. Na kwa kuwa matundu hayo hufunguka mwaka huu hapa na mwaka ujao pale, msitu huwa na miti ya kila umri. Shamba la miti iliyopandwa siku moja halina jambo hilo, maana miti yake yote ni hirimu moja.

Na gogo lililolala chini, je, ni takataka? Sivyo. Uyoga huota juu yake, na wadudu hulitoboa. Kigogota hulidonoa akitafuta mabuu. Katika miti iliyokufa ikingali imesimama, ndege huyo huchonga tundu la kutagia. Akihama, bundi mdogo au popo hukaa humo. Gogo lioapo hushika maji kama sifongo, na juu yake mbegu za msprusi huota, zisisongwe na majani ya chini. Hatimaye gogo lote hugeuka kuwa udongo. Hivyo mti uliokufa hulea miti iliyo hai.

Msitu huo umepatwa na mashaka mengi. Katika Vita Kuu ya kwanza majeshi ya Ujerumani yalikata miti mingi sana. Nyati wa Ulaya, aitwaye baisani, aliwindwa humo hata wa mwisho akauawa mwaka 1919. Walisalia wachache tu waliofugwa mahali pengine. Kwa wazao wao kundi jipya lilianzishwa Białowieża mwaka 1929, nao wakaanza kuachiliwa msituni mwaka 1952. Sehemu ya msitu ilikuwa imetengwa tangu mwaka 1921, na mwaka 1932 ikawa hifadhi ya taifa.

Kisha dundu wadogo walao chini ya gome waliua misprusi mingi. Mwaka 2016 serikali ya Polandi iliruhusu ukataji uongezwe nje ya hifadhi ya taifa. Walioutetea walisema, Msitu ni mgonjwa. Kuondoa miti yenye dundu ndiyo dawa. Wataalamu wengi walijibu, Dundu hao wamo tangu kale. Msprusi ukifa, mti mwingine hushika nafasi yake. Kuondoa magogo ni kuunyang'anya msitu chakula. Neno hilo lilifika mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo mwezi wa Aprili 2018 ikaamua kwamba Polandi imevunja sheria za kulinda viumbe na makao yao.

Mwaloni wa miaka 400 waweza kuangushwa kwa muda mfupi kabla ya chakula cha mchana. Atakaye kuurudisha aweza kupanda mche leo. Lakini miaka 400 hawezi kuipanda, wala magogo yaliyooza, wala wakaao ndani yake. Hayo Muumba huyafanya kwa wakati wake, na kazi ya mwanadamu ni kuyatunza.

MASWALI
1. Kwa nini msitu wa Białowieża haukufyekwa kama mingine?
2. Maua ya chini hupataje nuru?
3. Eleza faida tatu za mti uliokufa.
4. Msitu wa kale na shamba la miti hutofautianaje?