Neno na Mpaka Wake: Uchunguzi wa Dai la Hataza la Mashine ya Kusambaza Mbolea kwa Hewa

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna lugha inavyoamua upana wa haki ya mvumbuzi katika uchunguzi wa hataza. Mfano unaotumika ni mashine ya shambani inayosambaza vitu yabisi kwa nguvu ya hewa. Tunaonyesha kwamba anachokipima mchunguzi wa hataza ni maana ya sentensi, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo madhubuti za kuandikia sentensi hiyo. Hata hivyo, nyenzo hizo zina mianya ambayo haiwezi kuzibwa kwa kuunda istilahi peke yake.

1.0 Utangulizi

Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili awazuie wengine kuunda, kutumia au kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi. Naye mvumbuzi hutakiwa kuueleza uvumbuzi huo hadharani, kiasi kwamba fundi mwingine wa fani hiyo aweze kuutengeneza. Maombi huwa na maelezo, michoro na madai. Maelezo hufundisha, michoro husaidia kuelewa, lakini ni madai yanayochora mpaka wa haki. Kisichofikiwa na maneno ya dai, hata kama mvumbuzi alikifikiria usiku na mchana, kwa kawaida hakimo katika miliki yake.

Kwa mwanaisimu, jambo hili lina uzito wa pekee. Katika utaratibu wa Marekani, kila dai huandikwa kama sentensi moja, hata likiwa na urefu wa ukurasa mzima. Mchunguzi hawashi mashine wala haipeleki shambani. Husoma sentensi hiyo, huipa maana pana kadiri inavyokubalika kwa kuzingatia maelezo, kisha hutafuta kama kuna kitu kilichokwisha kujulikana ambacho kinaingia ndani ya maana hiyo. Upana huo unachukuliwa kwa makusudi, kwa sababu mwombaji bado ana nafasi ya kuyarekebisha maneno yake kabla hataza haijatolewa. Kwa hiyo kazi ya mchunguzi, pamoja na uhandisi wake wote, ni kazi ya semantiki.

2.0 Mashine Inayohusika

Kabla ya kulijadili dai, ni vema tukaifahamu mashine. Mashine iliyozoeleka zaidi ya kutawanya mbolea ya chembechembe hutumia sahani inayozunguka. Mbolea hudondoka kutoka kwenye tangi, ikafika juu ya sahani, nayo sahani ikairusha pembeni. Udhaifu wake ni kwamba umbali inakofika chembe hutegemea ukubwa, uzito na umbo lake. Mbolea iliyochanganywa kutokana na chembe za aina mbalimbali huweza kujitenga angani: chembe nzito na kubwa hufika mbali, nyepesi na ndogo huishia karibu. Mkulima aliyenunua mchanganyiko mmoja hujikuta amelisha mistari ya shamba lake kwa viwango tofauti.

Mashine inayotumia hewa hufuata njia nyingine. Feni hutoa mkondo wa hewa ndani ya mabomba yaliyopangwa kwenye mikono mirefu, kulia na kushoto. Kipimio kinachozunguka hudondosha mbolea kwa kiasi kilichopangwa ndani ya mkondo huo. Hewa huibeba mbolea hadi mwisho wa kila bomba, ambako hugonga kibao na kutawanyika katika eneo dogo linaloingiliana kidogo na eneo la bomba la jirani. Upana wa eneo linalolishwa huamuliwa zaidi na urefu wa mikono kuliko uzito wa chembe.

Tofauti hii imo hata katika Uainishaji wa Kimataifa wa Hataza. Vyombo vya kutawanya mbolea kwa kutumia vipulizaji vimewekwa katika kikundi A01C 15/04, ilhali vile vinavyotumia magurudumu ya kurushia vimewekwa katika A01C 17/00. Kuliweka ombi katika kikundi chake ni hatua ya mapema katika kazi ya ofisi ya hataza, na hatua hiyo yenyewe ni tendo la kuainisha maana.

3.0 Jina la Mashine

3.1 Hewa na Upepo

Tukisema "mashine inayoendeshwa kwa hewa", tumekwisha kukosea. Kauli ya kutendwa inaifanya mashine kuwa ndiyo inayosukumwa, mithili ya kinu cha upepo. Kumbe kinachosukumwa ni mbolea. Kiswahili kinamlazimisha mwandishi kuchagua: ama mashine inaendeshwa kwa hewa, ama inasambaza kwa hewa. Ulazima huu ni faida, kwani unafichua utata ambao lugha zinazounganisha nomino na kitenzi katika jina moja huweza kuuficha.

Suala la pili ni uteuzi kati ya "hewa" na "upepo". Katika matumizi ya kawaida, upepo ni hewa iliyo katika mwendo. Lakini mtaani tunajaza gurudumu la baiskeli upepo, na upepo huo umetulia ndani ya mpira. Mchunguzi anayelipa neno maana pana anaweza kuuhesabu upepo wa asili unaovuma shambani. "Mkondo wa hewa unaotolewa na feni" ni maneno marefu zaidi, lakini yanafunga mlango huo.

3.2 Yabisi na Kavu

Mwandishi asiye makini ataandika "vitu vikavu" akidhani amesema "vitu yabisi". Samadi yenye unyevu ni yabisi lakini si kavu. Akiandika "vikavu", mshindani atakayetumia mashine ileile kwa samadi yenye unyevu atadai kwamba yuko nje ya mpaka. Akiandika "yabisi", atajipatia eneo kubwa zaidi, lakini atakuwa pia amewaalika wachunguzi kuleta kila mashine iliyowahi kubeba mbegu, chokaa au nafaka kwa hewa. Upana wa neno humnufaisha mwenye dai dhidi ya mshindani, na humdhuru mbele ya mchunguzi.

3.3 Nomino za Ki-...-io

Kiswahili huunda majina ya vyombo kwa wepesi kutokana na vitenzi: kupimia hutoa "kipimio", kukingia hutoa "kikingio". Nomino hizi hutaja kazi bila kutaja umbo. "Kibao", kwa upande mwingine, hutaja umbo, na asili yake katika "ubao" humfanya msomaji afikirie kitu bapa, pengine kidogo. Je, pia iliyopindwa ni kibao? Jibu si la wazi. Ni dhahiri kwamba "kikingio" kingeiingiza pia hiyo.

Hata hivyo, kuna mtego. Chini ya kifungu cha 112 cha sheria ya hataza ya Marekani, sehemu ya dai inayotajwa kwa kazi yake tu, bila muundo wa kuitekeleza, hufasiriwa kuwa ni muundo ulioelezwa katika maelezo pamoja na ulio sawa nao. Jina lililoonekana pana kuliko yote linaweza kurudi kuwa jembamba. Mwandishi wa dai kwa Kiswahili, akifuata desturi hiyo, angepaswa kulijua hilo kabla ya kujaza sentensi yake nomino za ki-...-io, ambazo lugha yetu huzizaa bila taabu.

4.0 Muundo wa Sentensi ya Dai

Tuichukue sentensi ifuatayo, tuliyoitunga kwa ajili ya mjadala huu:

"Mashine ya kusambazia vitu yabisi vya chembechembe shambani, inayojumuisha: tangi la kuhifadhia vitu hivyo, feni inayotoa mkondo wa hewa, bomba lenye ncha mbili, ambalo ncha yake ya kwanza hupokea mkondo huo, kipimio kinachozunguka, kilichowekwa chini ya tangi hilo, ambacho hudondosha vitu hivyo ndani ya bomba hilo, na kibao kilichowekwa mbele ya ncha ya pili ya bomba hilo, ambacho vitu hivyo hukigonga na kutawanyika."

Kwanza, urejeleo. Kiingereza hutumia kibainishi kimoja kukitaja kitu kwa mara ya kwanza na kingine kukirejelea. Wachunguzi hulikataa dai linalorejelea kitu ambacho utangulizi wake haueleweki. Kiswahili hakina vibainishi vya aina hiyo, lakini kina vionyeshi vya urejeleo: hilo, huo, hivyo. Vionyeshi hivi hubeba ngeli, hivyo humwelekeza msomaji kwenye nomino inayohusika. "Mkondo huo" hauwezi kuwa kingine ila ule uliotajwa.

Pili, mipaka ya ngeli. Ngeli husaidia pale tu nomino zinapotofautiana. Tuangalie "feni iliyounganishwa na injini ambayo kasi yake hubadilika". Ni kasi ya nini inayobadilika? Feni, injini, pampu na mashine zote zimo katika ngeli ya I-ZI. Tangi, bomba na trekta hupatanishwa kwa LI-YA. Kwa kuwa nomino nyingi za ufundi zilizokopwa zimerundikana katika ngeli hizi mbili, upatanisho hushindwa mahali panapohitaji usahihi mkubwa. Dawa yake ni kurudia nomino: "ambapo kasi ya injini hiyo hubadilika". Mwalimu wa insha ataiita uziada; mwandishi wa dai ataiita kinga.

Tatu, idadi. "Feni" haibadiliki katika wingi, ila upatanisho hutangaza idadi. "Feni inayotoa" ni moja. Mshindani mwenye feni mbili angeweza kuuliza kama anahusika. "Angalau feni moja" huondoa swali hilo.

Nne, uwazi wa orodha. "Inayojumuisha" na "yenye" huacha orodha wazi: mashine iliyo na vitu hivi pamoja na vingine bado imo. "Iliyoundwa kwa ... pekee" huifunga. Neno "pekee" linaweza kuigharimu hataza nguvu yake yote, kwani mshindani ataongeza kipande kimoja na kutoka nje.

5.0 Dai Mbele ya Mchunguzi

Mchunguzi huuliza kwanza kama uvumbuzi ni mpya. Upya hukosekana iwapo hati moja iliyotangulia ina kila sehemu ya dai. Tukiondoa kibao katika sentensi yetu, mashine ya kupandia mbegu kwa hewa italiangusha dai: ina tangi, feni, bomba na kipimio, na mbegu ni vitu yabisi vya chembechembe. Kusema kwamba mashine yetu ni "ya kusambazia" hakutatuokoa kwa urahisi, ikiwa mashine ya awali inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Kibao, kilichoonekana kipande kidogo cha bati, ndicho kinachobeba upya wote.

Swali la pili ni kama tofauti hiyo ingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida wa fani husika. Mwaka 1966, katika shauri la Graham dhidi ya John Deere, Mahakama ya Juu ya Marekani ilichunguza plau iliyokusudiwa kustahimili ardhi yenye mawe. Tofauti kuu na kifaa cha awali ilikuwa ni mahali pa mpini wa chuma: hapo awali ulikuwa juu ya bamba la bawaba, sasa ulikuwa chini yake. Mahakama iliona kwamba mageuzi hayo yalikuwa dhahiri, na hataza ikabatilika. Mwaka 2007, katika shauri la KSR dhidi ya Teleflex, mahakama hiyo ilisisitiza kwamba fundi huyo ana ubunifu wa kawaida, si mtambo usiofikiri. Basi kama kibao cha kugongwa na chembe kimekwisha kuonekana katika chombo kingine cha kutawanyia mbolea, mwombaji atalazimika kueleza kwa nini kukihamishia hapa hakukuwa jambo la wazi.

Kwa mwanaisimu wa Kiswahili, shauri la Graham lina funzo la ziada. "Chini ya tangi" katika dai letu kuna maana mbili: nje, upande wa chini wa tangi, au ndani, sakafuni mwake. Kiambishi -ni nacho ni butu: "bombani" hakubainishi ndani wala karibu. Lakini upatanisho wa mahali hunoa ubutu huo, kwa kuwa "bombani mna hewa" ni ndani tu. Hii ni nyenzo ambayo Kiingereza hakina.

Wala isidhaniwe kwamba mahakama itamwokoa mwandishi baadaye. Mwaka 2004, katika shauri la Chef America dhidi ya Lamb-Weston, dai lilisema donge la unga lipashwe joto hadi nyuzi kati ya 400 na 850 za Farenhaiti. Donge lenyewe likifika joto hilo huungua kabisa. Ilidaiwa kwamba kilichokusudiwa ni joto la tanuri. Mahakama ya Rufani ilikataa kubadilisha kihusishi. Maneno yalibaki kama yalivyoandikwa, na mwenye hataza akashindwa.

6.0 Hitimisho

Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Hata hivyo, maombi yanayopitia ofisi ya ARIPO huko Harare huandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hakimo katika lugha 10 za uchapishaji za Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza. Fundi anayeunda mashine kwa mikono yake na kuieleza kwa Kiswahili hulazimika kukabidhi mpaka wa haki yake kwa sentensi ya lugha nyingine, ambayo pengine hawezi kuipima.

Uchambuzi wetu unaonyesha kwamba kikwazo hakimo katika sarufi ya Kiswahili. Vionyeshi vya urejeleo, upatanisho wa ngeli na wa mahali, pamoja na kauli za vitenzi, vinaweza kubeba dai kwa usahihi. Linalohitajika ni mwongozo wa uandishi unaotamka lini nomino irudiwe, idadi itajwe vipi, na "yenye" ieleweke namna gani. Kazi ya istilahi imejishughulisha zaidi na kutafuta majina ya vitu. Orodha ya majina, hata ikiwa ndefu kiasi gani, haimwambii msomaji ni kipi kimeunganishwa na kipi, wala kipo ndani au nje. Hayo husemwa na sentensi, na ni juu ya sentensi ambapo mchunguzi huamua nani anamiliki nini. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada katika semantiki tumizi wana shamba ambalo halijalimwa.