Mbona masikio huvuma kukiwa kimya?

JE, msomaji, umewahi kuwa nyumbani usiku stima zikapotea ghafla? Friji inanyamaza, televisheni ya jirani inakatika na muziki wa baa iliyo ng'ambo ya barabara unazimika. Unajilaza kitandani ukifurahia utulivu. Baada ya dakika chache unaanza kusikia mvumo mwembamba masikioni, mithili ya nyenje aliye mbali. Unageuza kichwa huku na huku, lakini mvumo hauondoki.

Wengi hushtuka. Kuna wanaodhani wamepatwa na shinikizo la damu, na wengine hudhani mdudu ameingia sikioni. Ukweli ni kwamba mara nyingi mvumo wa aina hiyo si ugonjwa. Ni sikio na ubongo vinavyojaribu kuzoea kimya.

Jinsi tunavyosikia

Sauti ikifika sikioni hutikisa kiwambo cha sikio. Mtikisiko huo hupitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi sikio la ndani, ambamo mna kiungo kilichojiviringa kama ganda la konokono. Ndani ya kiungo hicho mna seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Seli hizi ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za umeme ambazo hupelekwa na neva hadi kwenye ubongo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa neva hiyo hailali. Hata kukiwa kimya kabisa huendelea kutuma ishara ndogo ndogo. Mchana hatuzisikii kwa sababu zinafunikwa na honi za matatu, mazungumzo na redio.

Mnamo 1953, watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanyia watu 80 wenye masikio mazima. Kila mmoja aliingizwa katika chumba kisichopenya sauti na kuambiwa aeleze alichosikia. Katika muda wa dakika tano tu, asilimia 94 kati yao walisema wamesikia sauti: mvumo, mlio wa kengele, au kitu kama wadudu. Ilhali chumbani hamkuwa na sauti yoyote.

Ubongo huongeza sauti

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria redio yako inaponasa stesheni kwa shida. Unafanya nini? Unaongeza sauti. Ukiongeza, utaisikia stesheni vizuri zaidi, lakini utasikia pia ule mkwaruzo ambao hapo awali hukuutambua.

Ubongo nao hufanya vivyo hivyo. Ishara kutoka masikioni zikipungua, wenyewe huongeza nguvu ya kupokea ili usikose kitu. Hapo ndipo ule mnong'ono wa neva unapogeuka kuwa mvumo.

Kimya kikiendelea kwa siku nyingi, mabadiliko haya huzidi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 2003, watu wenye masikio mazima walivaa vizibo vya masikio karibu saa zote kwa wiki mbili. Walipovivua, sauti za kawaida ziliwaonekea kubwa kuliko hapo awali. Walipovaa kifaa chenye kutoa sauti ndogo ya mvumo kwa muda kama huo, mambo yakawa kinyume: waliweza kuvumilia sauti kubwa zaidi.

Utafiti mwingine ulichapishwa mwaka wa 2012. Watu 18 walizibwa sikio moja kwa siku saba. Kati yao, 14 walianza kusikia sauti ambazo hazikuwepo. La kutia moyo ni kwamba sauti hizo zilitoweka baada ya vizibo kutolewa. Hii ina maana kuwa ubongo unaweza kuzoea kimya, na unaweza pia kurudi katika hali yake ya kawaida.

Hata hivyo, usidhani kimya huponya kila kitu. Seli za sikio la ndani zikifa kutokana na kelele, binadamu hana uwezo wa kuota nyingine. Kimya cha usiku mmoja husaidia sikio lililochoka kwa kelele za mchana, lakini hakifufui lililokwisha kufa.

Kosa ambalo wengi hufanya

Mtu anayesumbuliwa na mvumo, au anayechukia kelele, mara nyingi hukimbilia kujiziba masikio kwa pamba kutwa kucha. Kumbe anauambia ubongo wake uongeze sauti zaidi! Mvumo unazidi, na siku akitoka nje hata mlio wa vijiko unamkera.

Hapa ifahamike kwamba vizibo vina mahali pake. Ikiwa unafanya kazi ya jua kali, kiwandani au penye spika kubwa, vivae bila kukosa. Sheria ya Kenya ya 2005 kuhusu kelele kazini hairuhusu mfanyakazi kukaa kwenye kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa muda unaopita saa nane kwa siku. Lakini ukishafika mahali palipotulia, vivue.

Kuna kimya kingine ambacho hatukitambui, nacho ni kile cha mzazi anayeanza kupoteza uwezo wa kusikia. Anakaa miaka mingi bila kwenda hospitali, na ubongo wake unazoea ukimya huo. Siku anaponunuliwa kifaa cha kusaidia kusikia, maji yanayomwagika kwenye karai humshtua, nayo milango ikifungwa anadhani ni bunduki. Anakivua na kukitupa kabatini, na familia inalalamika kuwa pesa zimepotea bure.

Kifaa hakina kosa, na mzee naye si mkaidi. Ubongo wake unahitaji muda wa kuzoea upya. Aanze kukivaa saa chache kwa siku nyumbani palipotulia, kisha aongeze kidogo kidogo. Huenda ikachukua wiki kadhaa, au hata miezi. Akiona kero haipungui, arudi kwa mtaalamu kirekebishwe. La muhimu zaidi, asingoje miaka mingi kabla ya kupimwa.

Ufanye nini?

Ikiwa mvumo hukusumbua wakati wa kulala, usitafute kimya kabisa. Acha sauti ndogo chumbani, kwa mfano feni au redio iliyopunguzwa. Isifunike mvumo wote. Itoshe tu kuupa ubongo kitu kingine cha kusikiliza.

Usitie mafuta, kijiti cha kiberiti wala pini sikioni. Aidha, mweleze daktari dawa unazotumia, kwani aspirini nyingi na kwinini zaweza kuleta mvumo, nazo sindano za gentamaisini zaweza kudhuru sikio.

Nenda ukamwone daktari wa masikio, pua na koo iwapo mvumo uko katika sikio moja tu, unadunda pamoja na mapigo ya moyo, unaambatana na kizunguzungu, au masikio yanatoa usaha. Nawe ukipoteza ghafla uwezo wa kusikia kwa sikio moja, usingoje hadi wiki ijayo. Nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu matibabu hufaa zaidi yakianza mapema.

Lakini ikiwa mvumo ni mdogo na huja tu stima zinapopotea, lala salama. Masikio yako hayajaharibika. Yanasikiliza tu, hata pasipo na la kusikilizwa.