Somo la Ufundi: Kutoboa Resini Bila Kuipasua

Wenzetu wanaotengeneza vishikio, vifungo na vibao vya resini ya kumimina wanaujua uchungu wa kipande kupasuka kwenye tundu la mwisho. Kazi yote ya kumimina na kupiga msasa imepotea, na anayelaumiwa ni aliyeshika mashine. Pengine hata mshahara hukatwa. Mara nyingi kosa si la mkono wake, ni la kekee.

Kekee ya kawaida imenolewa kwa ajili ya chuma. Ncha yake ni ya nyuzi 118 na midomo yake huchimba kwa pupa. Ndani ya resini midomo hiyo hunasa, kipande kikapanda juu pamoja na kekee na kupasuka, hasa ncha inapotokea upande wa pili. Dawa ni ndogo. Tunachukua jiwe laini la kunolea na kusugua uso wa mbele wa kila mdomo, ule unaotazama mfereji, mpaka usimame wima. Ufito mwembamba tu unatosha. Hatuutaki mdomo butu. Sasa kekee inakwangua, haichimbi. Tuitie alama, isirudi tena kwenye chuma.

Kipande kiwe kimekauka kabisa, kwani resini iliyopunjwa kigumishi hunata kama ulimbo. Kati ya tundu na ukingo tunaacha nafasi ya upana wa matundu mawili, au zaidi. Tunakilaza juu ya ubao mzima na kukibana imara. Kukishika kwa mkono ni kuchezea vidole. Tunaanza na tundu la milimita 2, kisha tunapanua. Tunatoboa kidogo, tunainua kekee, tunaondoa machicha, tunarudi. Joto likizidi resini hulainika na kuing'ang'ania kekee. Maji ya sabuni hupoza, lakini yasitumiwe na mashine ya umeme ya mkononi! Tukikaribia kutokea chini, tunapunguza nguvu.

Miwani na kinga ya pua tusikubali kunyimwa, maana vumbi hili ni baya kwa mapafu. Na msimamizi akileta hesabu ya vipande vilivyopasuka, tumwonyeshe kwanza kekee tuliyopewa.

Skrubu ya milimita 4 inayopita ndani ya kipande ipewe tundu la 4.5, na isikazwe kwa nguvu zote.