Jifunze Kuitambua Oti Mwitu Kabla Haijapukutisha Mbegu

Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini akiwa na konzi ya majani machanga yaliyofungwa katika gazeti. Akaniuliza, "Karani, hii ni ngano, au nimepanda kitu kingine?" Mbele yangu palikuwa na rundo la fomu. Niliyatazama majani yale juu juu tu, nikamjibu kwamba ni ngano, aende akaitunze. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuajiriwa katika ofisi ya kilimo, na mwalimu huona haya kusema, "Ngoja kwanza nitazame vizuri."

Mwezi wa Oktoba nilipita shambani kwake. Juu ya ngano palikuwa na masuke mengine marefu, mepesi, yakining'inia na kuchezacheza kwa upepo, na nusu ya mbegu zake zilikuwa zimekwisha kuanguka chini. Ilikuwa oti mwitu. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, ungenifundisha mwezi wa Mei." Basi somo hili ni deni langu kwake.

Kwanza tuijue jamaa yenyewe. Oti ni nyasi, na wataalamu wa mimea huiita jamaa yake yote kwa jina la Kilatini, Avena. Zipo aina karibu 30. Oti ya kupandwa, ile tunayowakatia ng'ombe wa maziwa na ile ya uji, ni Avena sativa. Usiichanganye na shayiri, ingawa watu wengi huziita zote mbili kwa jina hilo moja. Shayiri ni mmea mwingine kabisa. Aina nyingi zilizobaki ni za mwitu, na kwao ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, kisha kuelekea mashariki mpaka Asia ya Kati.

Katika hizo za mwitu, Avena sterilis ndiyo inayohesabiwa kuwa babu wa oti tunayopanda. Kwao ni Mediterania na Mashariki ya Kati. Watu wa kale wa huko walipoanza kulima ngano na shayiri, oti iliota katikati ya mimea yao kama gugu. Ikavunwa pamoja nayo, ikapandwa pamoja nayo, ikasafirishwa pamoja nayo mpaka Ulaya. Huko penye baridi na mvua nyingi ikastawi kuliko ngano, na watu wakaona heri waipande yenyewe. Hayo yalitokea miaka elfu kadhaa baada ya ngano na shayiri kuwa mazao. Kwa hiyo usishangae kwamba gugu hili linajua sana kujificha ndani ya ngano. Limeishi humo tangu kilimo kilipoanza.

Iliyoenea zaidi duniani ni Avena fatua. Utaikuta Ulaya, Urusi, Kanada, Marekani, Argentina na Australia, kila mahali palipo na mashamba makubwa ya nafaka na hewa isiyo ya joto kali. Haikuruka na upepo kuvuka bahari. Ilikwenda ndani ya magunia ya mbegu. Hapa Kenya aina hii na ile sterilis ni wageni waliofuata kilimo cha ngano, nazo zinapatikana katika nchi za juu kama Nakuru, Narok, Uasin Gishu na upande wa Timau. Mkulima wa pwani hana habari nazo, maana joto la huko haliziwezi.

Ipo pia Avena barbata, nyembamba kuliko hizo mbili, yenye shina jembamba na mbegu ndogo. Kwao nako ni Mediterania, lakini imevamia vilima vya California huko Marekani hata mtu huweza kudhani ni nyasi za asili za nchi ile.

Majirani zetu wa Ethiopia wana habari tofauti. Katika mashamba yao ya shayiri huota Avena abyssinica, ambayo haipatikani sana mahali pengine. Hii imekuwa nusu mwitu, nusu ya nyumbani: mbegu zake hazipukutiki upesi, bali husubiri zivunwe pamoja na shayiri, na wakulima wengi hawaing'oi, huisaga pamoja na shayiri yao. Lakini katika mashamba hayo hayo yupo ndugu yake, Avena vaviloviana, ambayo hupukutika kama magugu mengine. Jina hilo ni kwa heshima ya Nikolai Vavilov, mtaalamu wa Urusi aliyezunguka Ethiopia mwaka 1927 akikusanya mbegu za mazao. Tazama basi: aina mbili zinafanana, ziko shamba moja, na tofauti kubwa ya moja kuwa chakula na nyingine kuwa hasara ni jinsi mbegu inavyoshikamana na bua lake.

Sasa twende shambani. Siku nzuri ya kujifunza ni wakati ngano ina majani matatu au manne. Ng'oa mche mmoja unaoutilia shaka na mmoja wa ngano halisi, uilaze miche hiyo miwili kiganjani. Tazama mahali jani linapoachana na shina. Ngano ina vijisikio viwili vidogo vyenye vinyweleo, vinavyokumbatia shina. Shayiri ina vijisikio vikubwa zaidi, visivyo na vinyweleo, hata hupishana mbele ya shina. Oti haina kijisikio hata kimoja. Badala yake utaona kiulimi cheupe, chembamba kama karatasi, kimesimama mahali pale.

Alama ya pili ni msokoto wa jani. Jani changa la ngano, ukilitazama kutoka juu, limejisokota kufuata mwendo wa mshale wa saa. La oti limejisokota kinyume chake. Ningalimfanyia yule mzee jambo hili moja tu, dakika moja ingalitosha, hata fomu zangu zisingalichelewa.

Mmea ukikomaa hauna siri tena. Hufika urefu wa futi 2 mpaka 5, mara nyingi ukaipita ngano. Suke lake si la kubanana kama la ngano. Limetawanya vijiti vyembamba pande zote, na kwenye kila kijiti kinaning'inia kishada kidogo chenye maganda mawili ya nje kama karatasi. Ndani ya maganda hayo mna mbegu mbili au tatu. Lakini ukingoja mpaka uione hivyo kutoka barabarani, jua kwamba umechelewa au karibu utachelewa, kwa sababu suke huiva kuanzia juu kwenda chini, na mbegu za juu huanguka huku za chini zingali mbichi.

Mbegu yenyewe yafaa kuchunguzwa mezani, na watoto wako wa shule wakiwapo. Mbegu ya oti mwitu kwa kawaida ina ganda lenye nywele, mara nyingi la rangi ya kahawia, na mgongoni ina udevu mrefu uliopindika katikati kama goti. Sehemu ya chini ya udevu huo imesokotwa kama kamba. Iweke mbegu kavu juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji, ungoje kidogo. Udevu utaanza kuzunguka, na mbegu itajongea yenyewe kama mdudu. Ukikauka, hujisokota tena. Hivyo ndivyo mbegu inavyojichimbia udongoni: umande wa usiku huufungua udevu, jua la mchana huusokota, na kila siku mbegu huzidi kuingia katika nyufa za udongo bila jembe wala mkono wa mtu.

Kisha igeuze uone kitako chake. Mbegu ya oti mwitu ina kovu la mviringo lenye kingo zilizonenepa, kama mdomo wa mtoto anyonyaye. Hapo ndipo ilipokuwa imeshika, na ndipo inapojiachia ikikomaa. Oti ya kupandwa haina kovu la namna hiyo; hushika mpaka ipurwe, tena aghalabu haina nywele, na udevu wake, kama upo, hukaa umenyooka au karibu kunyooka.

Kovu hilo pia hutenganisha aina kwa aina. Katika Avena fatua kila mbegu ya kishada ina kovu lake, nazo huanguka moja moja. Katika Avena sterilis ni mbegu ya chini tu yenye kovu, kwa hiyo mbegu zote za kishada huanguka zikiwa zimeshikana, na kishada chake ni kikubwa zaidi. Katika Avena barbata huanguka moja moja, lakini ncha ya ganda la mbegu imegawanyika ikawa nywele mbili ngumu, nyembamba kama sindano.

Labda utauliza, kuna faida gani kujua hayo, na zote ni magugu? Faida ipo. Zile mbili za sterilis zinazoanguka pamoja haziamki pamoja: ya chini huota mapema, na ya juu hulala zaidi udongoni. Mkulima anayeng'oa mwaka mmoja akasema kazi imekwisha hudanganywa na ile iliyolala. Mbegu za fatua nazo hulala, nyingi miaka miwili mitatu, na chache hata zaidi, hasa zikifukiwa chini sana. Mmea mmoja wenye nafasi huweza kuzaa mbegu mamia. Piga hesabu: ukiacha mimea 10 kwenye kona ya shamba, kila mmoja ukizaa 100 tu, umepanda mbegu 1,000 bila kulipa senti.

Kwa hiyo ukiona mimea michache, ing'oe kwa mkono kabla masuke hayajageuka rangi. Usiitupe kando ya shamba. Mbegu zilizokwisha kujaa huendelea kuiva hata mmea ukikauka. Tia ndani ya gunia, toa nje, choma. Ikiwa mbegu zimekwisha kupukutika, usiharakishe kulima chini sana. Ziache juu ya mabua kwa muda, ndege na panya wazile na jua liziharibu, kisha zikiota kwa mvua uzikatue kwa palizi ya juu juu kabla ya kupanda. Shamba lililojaa sana lipumzishe ngano: panda viazi au zao jingine la mistari linalopaliliwa kwa jembe, au nyasi za malisho kwa miaka michache. Shamba la namna hiyo likiendelea kupandwa ngano tu laweza kupoteza hata nusu ya mavuno.

Dawa za kunyunyizia zipo kwa shamba la ngano, na Bwana Shamba atakueleza ipi yafaa na wakati gani. Usitumie dawa ile ile kila mwaka. Huko Australia, tangu miaka ya 1980, zimeonekana oti mwitu ambazo hazifi tena kwa dawa zilizokuwa zikiziua. Na katika shamba la oti ya ng'ombe usitumaini dawa, kwa sababu haiwezi kuwatenga ndugu hawa wawili. Hapo katia ng'ombe mapema, kabla ya mbegu.

Jambo la mwisho ni kombaini ya kukodi. Inatoka shamba la jirani na makapi yake tumboni. Kabla haijaingia kwako, mwombe dereva asimame mpakani aifungue na kuipiga ufagio. Wengine hununa, kwa maana wanalipwa kwa ekari. Mpe chai, lakini ufagio upite. Na mbegu za kupanda, kama si za gunia lenye lebo ya ukaguzi ya KEPHIS, zimwage kidogo juu ya sinia nyeupe, utafute ile yenye goti na mdomo.

Ukiwa na shaka, leta ofisini mmea mzima, mizizi na yote, na kama una mbegu zitie katika bahasha. Yule mzee huniletea kila msimu sasa, na nikimjibu kabla sijaligeuza jani, hulichukua na kulirudisha mkononi mwangu.