Mesothelioma: Vumbi la Zamani, Ugonjwa wa Leo
Elimu ya afya kwa wakazi wa Dzaleka na Lilongwe



Tangu kambi ya Dzaleka ianze kupokea wakimbizi mwaka 1994, wengi wamefika bila cheti wala daftari la hospitali. Kijitabu hiki kinaeleza ugonjwa ambao daktari ataufikiria mapema akijua kazi uliyofanya miaka mingi iliyopita.

Mesothelioma ni nini?

Ni saratani ya utando, yaani ngozi nyembamba inayofunika mapafu, moyo na viungo vya tumboni. Kisababishi chake kikuu ni asbesto, madini yenye nyuzi yaliyochanganywa na saruji kutengenezea mapaa na mabomba. Ukivuta vumbi lake, nyuzi hubaki mwilini, na ugonjwa hutokea baada ya miaka 20 hadi 50. Hauambukizi.

Nani yuko hatarini?

- Aliyefanya kazi katika migodi ya asbesto. Wamalawi wengi walikwenda migodini Zimbabwe na Afrika Kusini, na ni Afrika Kusini ambako madaktari walionyesha mwaka 1960 kwamba asbesto inahusiana na ugonjwa huu.
- Fundi aliyekata, kutoboa au kubomoa mapaa ya asbesto. Rwanda ilianza kampeni ya kuyaondoa mwaka 2011.
- Mke au mtoto aliyefua nguo za kazi zenye vumbi hilo.

Aina zake na dalili

1. *Utando wa mapafu.* Ndiyo aina inayoonekana zaidi. Maji hujaa kati ya pafu na mbavu. Mgonjwa huishiwa pumzi, huumwa kifua, hukohoa na kukonda.
2. *Utando wa tumbo.* Tumbo hujaa maji na kuuma, hamu ya chakula hupotea.
3. *Utando wa moyo.* Ni nadra. Moyo hubanwa, mapigo huenda ovyo, mgonjwa huchoka upesi.
4. *Utando wa korodani.* Ni nadra kuliko zote. Huvimba, na watu hudhani ni busha.

Maabara pia hutazama chembe kwa hadubini. Zile za epitelioidi hukua polepole na hupokea matibabu vizuri zaidi. Za sarkomatoidi ni kali. Wengine wana mchanganyiko wa zote mbili.

Kifua kikuu kwanza

Kikohozi, kukonda na maji kifuani mara nyingi zaidi ni kifua kikuu, nacho kinapona. Pima makohozi na umalize dawa. Usipopata nafuu, au maji yakirudi, omba rufaa Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, upigwe eksirei, uchotwe maji na kipande cha utando kipimwe. Mesothelioma ni ngumu kuponya, lakini kutoa maji na kutuliza maumivu humpa mgonjwa ahueni kubwa.

Jikinge

- Paa zima la asbesto liache lilivyo. Usilikate, usilisugue.
- Vipande vilivyovunjika vimwagie maji kabla ya kuvigusa, wala usivifagie vikiwa vikavu.
- Watoto wasivichezee.

Usisubiri kuulizwa

Ukifika kituo cha afya, sema mwenyewe: nilifanya kazi hii, mahali fulani, mwaka fulani. Mzazi wako akiwa bado ana kumbukumbu, muulize leo, na mwombe mhudumu aandike majibu hayo katika pasipoti yake ya afya.