KIPANDAUSO NA KAZI ZA USIKU
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Leo tujifunze juu ya kipandauso, ugonjwa unaowatesa watu wengi kwetu Migori na kwa jirani zetu wa Homa Bay, hasa wanaofanya kazi usiku.

Kipandauso si kuumwa kichwa kwa kawaida. Mara nyingi hushika upande mmoja, hupwita kama ngoma na kuleta kichefuchefu. Mgonjwa hataki mwangaza wala kelele. Wengine huona vimulimuli kabla hakijaanza. Bila dawa, maumivu huweza kudumu saa 4 hadi 72, yaani siku tatu nzima! Mtu huyo akijifungia chumbani, watu husema ni mvivu au amelogwa. Sivyo. Ni ugonjwa wa ubongo, na mara nyingi hufuata ukoo.

Je, usingizi unaingiaje hapa? Ndani ya ubongo mna saa inayofuata mwangaza, nayo hupanga wakati wa kulala na kuamka. Mwenye kipandauso ana ubongo usiopenda mabadiliko. Akilala kidogo kinamshika, akilala kupita kiasi pia kinamshika.

Sasa mtazame mvuvi wa omena wa Mbita, Sori au Muhuru. Huyu hupangiwa zamu na mwezi. Usiku wa giza yuko ziwani na taa, maana omena hufuata mwangaza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifai kitu, basi analala nyumbani usiku kama sisi, kisha siku chache baadaye anarudi majini. Kila mwezi saa yake inapinduliwa mara mbili. Kipandauso kikimshika katikati ya ziwa, maisha yake na ya wenzake yamo hatarini. Wauguzi na mabawabu wa usiku nao wana shida hiyo hiyo.

Afanye nini basi?

1. Akirudi asubuhi alale saa ile ile kila siku, chumba kiwe na giza, na watoto wapunguze kelele.

2. Zamu ikibadilika, asogeze saa za kulala kidogo kidogo, asizipindue kwa siku moja.

3. Asiende kazini na njaa wala kiu. Chai au kahawa anywe mwanzoni mwa kazi, sio karibu na kulala.

4. Kikianza, ameze parasetamoli au ibuprofeni mapema, kwa kipimo, apumzike gizani na kitambaa baridi usoni. Mjamzito au mwenye vidonda vya tumbo asiguse ibuprofeni kabla ya kumwuliza daktari.

5. Asizoee dawa. Kumeza siku 15 au zaidi kila mwezi huleta maumivu mengine ya kichwa.

Tahadhari! Kwetu ziwani malaria ni nyingi. Kichwa kikija na homa, usikisie, kapimwe damu. Shingo ikikakamaa, mkono ukilegea, au maumivu makali yakianza ghafla, kimbia hospitali.

Na sisi wanafunzi tusicheke. Tunakesha hadi saa saba usiku wakati wa mtihani, halafu Jumapili tunalala hadi adhuhuri. Hiyo nayo ni zamu! Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii haiuzwi dukani: ni kulala na kuamka kwa wakati.

Nawatakia usingizi mnono.