SOMO: KUMTAMBUA NDEGE KWA PICHA KATIKA BONDE LA USANGU

Katika toleo hili tumeona tuandike somo ambalo wengi wenu mmekuwa mkituuliza tangu simu zenye kamera zilipoingia majumbani: vipi mtu ampige picha ndege wa porini, kisha amjue kwa jina lake bila kubahatisha. Suala la hukumu ya picha za viumbe lina khitilafu ya wanazuoni na limeshasomeshwa darasani, hatutalirudia hapa.

Watalii hutoka mbali kuja kutazama ndege wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sisi tunaokaa Igawa tumeanza safari kabla ya kutoka nyumbani. Mto Mbarali unapita hapa, majaruba ya mpunga yametuzunguka, na maji yetu yanateremka hadi ardhi oevu ya Ihefu. Hata hudhud, ndege aliyetajwa katika Surat An-Naml katika kisa cha Nabii Sulaiman, yumo katika nchi hii. Mtazameni chini ya miti, akidonoa ardhi kwa mdomo wake mrefu, kilemba chake kikiinuka na kushuka.

Hebu tuanze na yangeyange. Kila mtoto wa hapa anawajua ndege hawa weupe, na karibu kila mtoto huwaita wote kwa jina moja. Ukweli ni kwamba jarubani wanaweza kuwa aina tatu kwa pamoja. Mmoja ana mdomo mfupi wa njano na shingo nene, naye ndiye afuataye ng'ombe. Wa pili ana mdomo mweusi na miguu myeusi, lakini vidole vyake ni vya njano kana kwamba amevaa soksi. Wa tatu ni mkubwa kuliko wote, shingo ndefu yenye pindo. Sasa tatizo ni hili: akiwa amesimama kwenye tope, vidole havionekani. Basi msimfukuze. Subirini aruke mwenyewe, muipige picha miguu inapoachana na maji.

Ndege mweupe ana mtihani mwingine. Kamera huona weusi wa tope, ikaongeza mwanga, na manyoya yakatoka kama karatasi tupu. Kwenye simu nyingi ukigusa kioo pale alipo ndege kitatokea kialama cha jua. Kitelezesheni chini mpaka manyoya yaonekane mojamoja. Jua liwe mgongoni mwenu. Saa moja na saa mbili za asubuhi ndizo bora, kwa kuwa mwanga ni laini na ndege wana njaa, hawana muda wa kuwaogopa watu. Aliye na kamera yenye lenzi ndefu na apige kwa kasi ya sehemu 1 ya 1000 ya sekunde ndege anaporuka, la sivyo mabawa yatakuwa ukungu.

Pigeni picha ya kwanza mkiwa mbali, hata kama ni mbaya. Kisha sogeeni hatua chache, mpige nyingine. Wengi hutaka picha moja nzuri, wakasogea mno, ndege akaenda, wakabaki na picha ya tawi. Mnaotaka utambuzi mnahitaji ubavu, mgongo, mkia na jicho, wala si lazima picha ipendeze. Kwenye kiota msisogee kabisa. Mama akikimbia, mayai yatapigwa na jua au yataliwa.

Picha ikishapatikana bado haijawa ushahidi. Nyinyi mmesoma isnadi, mnajua habari isiyo na mpokezi anayejulikana inavyopokelewa. Andikeni basi ni nani aliyeona, siku gani, saa ngapi, mahali gani, ndege alikuwa akifanya nini na sauti yake ilikuwaje. Picha ya ndege mdogo wa kahawia isiyo na tarehe wala mahali inaweza kuwa ya ndege kumi tofauti. Siku hizi zipo programu za simu zinazotaja jina mara moja ukizionyesha picha. Zitumieni, lakini mjue kwamba zinapendekeza tu. Kuthibitisha ni kazi yenu.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Kwa sababu ya kwelea kwelea. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku anaweza kula gramu 10 za nafaka. Kundi la milioni moja ni tani 10 kwa siku, na makundi ya namna hiyo si hadithi. Mkulima wa Mbarali anayeshinda jarubani akipiga madebe ana haki ya kuwaogopa. Habari za kundi kubwa zikithibitishwa, huweza kuletwa ndege ya kunyunyizia sumu, na sumu itumikayo, fenthioni, haichagui. Humuua kwelea pamoja na mwewe aliyemla. Kwa hiyo mtoto anayepiga mbio kumwambia bwana shamba kwamba ameona kwelea, ilhali ameona mnana, amesema neno zito.

Wengi hushika alama moja: mdomo mwekundu. Alama hiyo ni ya kweli, ila haitoshi. Wakati wa kuzaliana mdomo wa jike hugeuka njano, naye akafanana na majike ya mnana mno. Tazameni basi wenzake. Dume wa kwelea wakati huo huvaa uso mweusi, au kwa baadhi yao mweupe, na kuuzunguka uso huo huwa na rangi ya manjano au waridi. Tazameni na viota: mnana hujenga makumi katika mti mmoja, mara nyingi karibu na watu au juu ya maji, kwelea hujaza pori zima la miti ya miiba, kila mti na mamia yake.

Na wataalamu nao walichukua muda. Hondohondo mwenye mdomo mwekundu wa Ruaha alitazamwa miaka mingi, akahesabiwa kuwa ni yule yule wa kaskazini. Mwaka 2002 ndipo Kemp na Delport walipomwandika kuwa aina ya peke yake, Tockus ruahae. Tofauti iko usoni: wa kaskazini ana ngozi ya rangi hafifu kuzunguka jicho la kahawia, wa Ruaha ana ngozi nyeusi kuzunguka jicho la njano. Ba na Ta umbo lao ni moja, nukta ndiyo inayowatenga. Basi mkimpiga hondohondo picha, lengeni jicho.

Zaidi ya hapo ni kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991, watafiti kutoka Denmark walioweka kambi msituni waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya chakula chao. Miguu hiyo ilikuwa ya ndege asiyejulikana na sayansi, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Aliandikwa rasmi mwaka 1994. Wawindaji wa pale, bila shaka, walikuwa wakimjua siku zote. Ila hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kumbukumbu zenu zina kazi nyingine pia. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, kwa kuwa maji ya Usangu hayafiki mwambani Ng'iriama kwa wingi wa kuvuka. Maji yanayotumika katika majaruba yetu ni sehemu ya sababu hiyo. Anayeandika kila mwezi ni ndege gani wa majini aliowaona darajani na ni wangapi, baada ya miaka mitano atakuwa na kitu ambacho hakipatikani penginepo.

Wanaotaka kuanza waanze na daftari na yangeyange watatu. Mvua zikishakolea, kwelea wataanza kubadilika. Hapo tazameni mdomo wa jike.